Kitambulisho cha machinga cha Sh 20,000: kilimkinga na nini, kikamwacha wapi

Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwaita wakuu wa mikoa, akawakabidhi vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, hasa machinga, yaani wachuuzi wa barabarani. Kila mkoa ulianza na mgao wa 25,000. Bei ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka. Aliyestahili kukinunua ni mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi Sh milioni 4 kwa mwaka, na ahadi ilitolewa hadharani: mwenye kitambulisho asisumbuliwe, asitozwe ushuru, asikimbizwe na mgambo.

Oktoba 2021, chini ya miaka mitatu baadaye, machinga wa Kariakoo, Mwenge, Mbagala na Ubungo walipewa tarehe ya kuondoka barabarani. Vibanda vikabomolewa, na ndani ya baadhi ya vibanda hivyo mlikuwa na watu waliokilipia kitambulisho. Jambo linalofaa kuchunguzwa hapa ni kwamba hakuna kifungu cha sheria kilichovunjwa kwa kuwaondoa. Kitambulisho kilihusu kodi na ushuru. Suala la mahali pa kufanyia biashara lilibaki mikononi mwa halmashauri na wakala wa barabara, kama lilivyokuwa siku zote. Mnunuzi alidhani amenunua vitu viwili kwa bei moja, na watawala walimwacha aendelee kudhani hivyo.

Yaliyotangulia

Wazo la kumpa mchuuzi karatasi ya serikali lina umri mkubwa. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na leseni ya nguvukazi, iliyotokana na sheria ya mwaka 1983 ya kuwapangia watu kazi. Mchuuzi aliyekuwa nayo aliweza kumwonyesha askari kwamba si mzururaji. Leseni hiyo ilifutwa mwaka 2003 katika mageuzi ya leseni za biashara, na baada ya hapo mchuuzi hakuwa na hati yoyote inayomtambua. Alikuwa analipa ushuru wa siku kwa mkusanyaji wa halmashauri, anapewa risiti, na jioni halmashauri hiyo hiyo inaweza kumkamata kwa sheria ndogo za usafi wa jiji. Mwaka 2006, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, wachuuzi waliondolewa katikati ya miji nchi nzima. Desemba 2016, baada ya bomoabomoa ya Mwanza, Magufuli aliagiza kinyume chake: machinga waachwe wafanye kazi mjini.

Agizo la 2016 lilikuwa la mdomo. Bajeti ya 2017/18 ndiyo iliyoanza kuliwekea mguu wa kisheria, pale serikali ilipotangaza kuwatambua rasmi wafanyabiashara wadogo wasio kwenye maeneo rasmi, yaani mama lishe, wauza mitumba, wauza mazao na wengine wa aina hiyo, kwa kuwapa vitambulisho maalum. Ila mguu huo uliwekwa kwenye sheria za kodi. Sheria za mipango miji hazikuguswa. Wala Sheria ya Barabara ya 2007, inayotenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu kuwa hifadhi ya barabara. Meza nyingi za machinga wa Mbagala au Ubungo zimo ndani ya mita hizo.

Milioni 4 kwa hesabu ya meza

Kiwango cha milioni 4 hakikuokotwa. Ndipo inapoanzia kodi ya makadirio, inayopangwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka: mwenye mauzo chini ya hapo halipi kodi ya mapato. Kwa mtazamo wa ofisi ya kodi, basi, kitambulisho kilikuwa namna ya kumsajili mtu ambaye kisheria hadaiwi kitu.

Shida ni kwamba kipimo ni mauzo, na faida haihesabiwi. Gawanya milioni 4 kwa siku 300 za kazi, unapata Sh 13,333 kwa siku. Muuza nyanya anayepanga mafungu ya Sh 500 akiuza mafungu 27 ameshavuka, ingawa kati ya hizo Sh 13,500 kilichobaki mfukoni baada ya tenga, usafiri na nyanya zilizooza kinaweza kuwa Sh 3,000. Muuza mitumba akiuza mashati matatu ya Sh 5,000 amevuka. Mama lishe anayeuza sahani 20 za wali maharage kwa Sh 1,500 ana mauzo ya Sh 30,000 kwa siku, sawa na milioni 9 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Kwa kusoma masharti kama yalivyoandikwa, kitambulisho kingewafaa mtembeza karanga, muuza ubuyu na wachache wengine. Watu waliotajwa kwa majina katika hotuba ya bajeti, mama lishe na wauza mitumba, wengi wao walikuwa nje ya mstari.

Hakuna mtendaji wa kata aliyepiga hesabu hii, na hata angeipiga asingekuwa na namna ya kuthibitisha. Machinga haandiki daftari la mauzo. Hivyo masharti yakabaki kwenye karatasi, na mlango ukafunguka kwa wote, wakiwemo wasiopaswa kuingia.

Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyoanza kutumika 2019, mwenye duka la mauzo ya milioni 4 hadi 7 asiyetunza kumbukumbu alitakiwa kulipa Sh 100,000 kwa mwaka, na wa milioni 7 hadi 11 Sh 250,000. Wa mauzo ya milioni 10 aliyefanikiwa kujipatia kitambulisho cha Sh 20,000 alikuwa ameokoa Sh 230,000. Tena hakuhitaji hata kukinunua yeye mwenyewe. Mwenye stoo Kariakoo aliweza kuwakabidhi vijana watano mzigo wake asubuhi, kila mmoja na kitambulisho chake shingoni, wakauze barabarani bila risiti ya mashine ya kielektroniki, jioni warudishe fedha. Malalamiko ya wenye maduka kuhusu biashara ya aina hii yalisikika mapema, na hayakuwa ya wivu mtupu: aliyekuwa analipa pango, leseni na kodi alikuwa anashindana na bidhaa ile ile mbele ya mlango wake.

Mnyororo wa ugawaji, na kwa nini uligeuka kuwa wa mauzo

Vitambulisho vilitoka Mamlaka ya Mapato (TRA) vikaenda kwa mkuu wa mkoa, kwa mkuu wa wilaya, kwa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, na mwisho kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Kila ngazi ilisaini kupokea idadi fulani. Mtendaji aliyesaini vitambulisho 200 alikuwa na deni la Sh milioni 4 kichwani mwake: arudishe fedha au arudishe kadi. Kurudisha kadi kulimaanisha kueleza kwa nini hazikuuzwa, mbele ya mkuu wa wilaya ambaye naye anaulizwa na mkuu wa mkoa.

Mgao wa kwanza ulikuwa sawa kwa kila mkoa, na hapo ndipo penye kosa la msingi la utekelezaji. Kwa sensa ya 2012, Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 na Katavi 564,604. Vitambulisho 25,000 kwa Dar es Salaam ni kimoja kwa kila watu 175 hivi, wachanga na wazee wakiwamo. Kwa Katavi ni kimoja kwa kila watu 23. Mkoa wa wakulima, wenye miji midogo, ulipewa kadi nyingi kuliko idadi ya machinga wake. Zingekwenda wapi? Kwa mkulima aliyeleta debe la mahindi gulioni, kwa muuza mkaa wa njiani, kwa mwenye genge la mboga nyumbani. Mtu ambaye hakuwahi kulipa ushuru wa siku alijikuta anadaiwa kitambulisho kama sharti la kuuza. Kwake yeye, msaada huu ulikuwa tozo mpya.

Jambo la pili lilihusu kadi yenyewe. Toleo la kwanza halikuwa na jina la mwenye kadi wala picha yake. Lilikuwa na namba. Kwa hiyo iliazimishwa, ikauzwa mkononi, ikapita kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake. Kwa kasi ya ugawaji hilo lilikuwa jambo jema, maana hapakuwa na foleni ya kupiga picha. Kwa kazi nyingine zote lilikuwa balaa. Benki haiwezi kumfungulia akaunti mtu kwa kadi isiyomtaja. Halmashauri haiwezi kujua ina machinga wangapi, wako mtaa gani, wanauza nini. Serikali ilifanya zoezi lililogusa karibu kila kata nchini, kisha likaisha bila orodha inayoweza kutumika kupanga hata soko moja.

Ushuru ulipoondoka

Tuchukue machinga aliyekuwa akilipa ushuru wa siku wa Sh 500. Kwa siku 300 ni Sh 150,000. Kwa Sh 20,000 alipunguziwa Sh 130,000, na hiyo ni nafuu ya kweli ambayo wapinzani wa mpango huu huwa wanaipita haraka. Pamoja na fedha, aliondokewa na kero ya mkusanyaji anayekuja kabla hujauza hata senti, na mgambo anayebeba beseni ukichelewa kutoa. Kwa mama mwenye mtaji wa Sh 30,000, beseni moja likichukuliwa ndiyo mwisho wa biashara.

Lakini nafuu hiyo ililipiwa na halmashauri. Ushuru wa siku ni mapato ya ndani ya halmashauri. Sh 20,000 ya kitambulisho ilipita TRA. Halmashauri yenye wachuuzi 3,000 kwenye vitabu vyake, kwa ushuru wa Sh 500, ilitarajia Sh milioni 450 kwa mwaka. Hata kama ilikuwa inakusanya nusu tu, pengo si dogo. Fedha hizo ndizo zilizokuwa zikilipa wafagiaji wa soko, kuzoa taka na kuwasha taa. Taka za machinga ziliendelea kuzalishwa kila siku. Fedha za kuzizoa zilikatika.

Kuna athari nyingine isiyoonekana haraka. Tangu 2018, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ushuru ukipungua, mfuko huo nao unapungua. Katika mfano wetu, milioni 450 zikipotea zote, mikopo inapungua kwa hadi milioni 45. Machinga kijana akapata nafuu mkono huu, mkono wa pili dirisha la mkopo likawa dogo.

Palizuka pia mabishano kwenye masoko rasmi. Mwenye kizimba anadaiwa pango la kizimba, ambalo ni kodi ya jengo na halina uhusiano na ushuru wa siku. Wapo waliokataa kabisa kulipa pango kwa kuonyesha kitambulisho, na wapo wakusanyaji waliobadilisha jina la ushuru wakauita mchango wa usafi ili waendelee kuudai. Waraka wa ukurasa mmoja wenye safu mbili, malipo yaliyofutwa na malipo yanayobaki, ungemaliza ugomvi huo kabla haujaanza.

Oktoba 2021

Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 2021. Septemba aliwaagiza wakuu wa mikoa wawapange machinga bila vurugu. Kufikia wakati huo barabara nyingi za Dar es Salaam zilikuwa zimebanwa: meza kwenye njia za waenda kwa miguu, juu ya mitaro, mbele ya milango ya maduka, hata kwenye vituo vya daladala. Kuungua kwa Soko Kuu la Kariakoo Julai 2021 kuliongeza uzito wa hoja kwamba magari ya zimamoto lazima yapite. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alitoa muda, akauongeza hadi Oktoba 30, kisha utekelezaji ukafanyika.

Kwa nini kitambulisho hakikusema lolote siku hiyo? Kwa sababu hakikuwa na eneo. Hakikutaja mtaa, wala namba ya meza, wala vipimo, wala muda ambao mwenye kadi hawezi kuhamishwa, wala notisi anayostahili kabla ya kuhamishwa. Ulinzi wote ulitegemea neno la kiongozi, na kiongozi alipobadilika, neno likabadilika naye. Wakili asingekuwa na la kushika mahakamani.

Kuhamisha machinga kuna vipengele vinavyojulikana, na Dar es Salaam ilikuwa na funzo lake lililokuwa limesimama wazi Ilala: Machinga Complex, jengo la ghorofa lililojengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambalo kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilikaa tupu. Mteja wa machinga hafungi safari kumfuata. Ananunua kwa kuwa amempita akienda kupanda daladala. Ghorofa ya pili haina mpita njia. Soko lolote jipya lisilokuwa na kituo cha daladala mlangoni litakufa, hata likipewa bure. Baada ya mpita njia yanakuja maji na vyoo, hasa kwa mama lishe, kisha stoo ya kulaza mzigo. Asiye na stoo karibu hulipa bodaboda kwenda na kurudi, na Sh 2,000 kila safari ni Sh 4,000 kwa siku, zaidi ya ule ushuru uliofutwa. Haishangazi kwamba wengi walirudi barabarani kidogo kidogo, kwanza jioni baada ya saa za kazi za mgambo, baadaye mchana kweupe.

Dodoma ilitoka na sura bora zaidi, kwa kujenga soko la wazi la machinga lenye paa na mpangilio wa bidhaa, karibu na katikati ya mji. Faida yake kubwa ni kwamba liko chini, halina ngazi.

Kungeanzwa wapi

India ilipitisha sheria ya wachuuzi wa barabarani mwaka 2014 ikaanzia upande wa pili: mahali kwanza. Kila mji unatakiwa kuwa na kamati ya uchuuzi ambayo angalau asilimia 40 ya wajumbe ni wachuuzi waliochaguliwa na wenzao, na theluthi ya hao ni wanawake. Wachuuzi huhesabiwa angalau mara moja kila miaka 5, na hakuna anayeondolewa kabla hesabu haijakamilika na vyeti kutolewa. Kumhamisha kunahitaji notisi ya siku 30. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua na miji mingi imechelewa, lakini mchuuzi wa Delhi anayebomolewa ana kifungu cha kupeleka mbele ya hakimu. Wa Mbagala hana.

Kwa halmashauri ya Tanzania, sheria mpya si lazima iwe hatua ya kwanza. Sheria ndogo inatosha kuanzia. Kazi inaanza kwa kuhesabu meza. Hesabu ifanyike mara tatu katika siku moja, saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku, kwa sababu eneo moja hutumiwa na watu tofauti: chai na maandazi asubuhi, nguo mchana, chipsi usiku. Ukihesabu mchana peke yake unawapoteza wengine wote. Kila meza iandikwe namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya anayeikalia, simu, bidhaa, na jina la mwenye mzigo kama si yeye. Swali hilo la mwisho ndilo linalowatenganisha machinga halisi na matawi ya maduka makubwa.

Kisha mstari uchorwe barabarani kwa rangi. Mita moja na nusu kwa mita moja na nusu inatosha meza ya bidhaa nyingi, njia ya waenda kwa miguu ibaki mita mbili, milango ya maduka na mifuniko ya mitaro iachwe wazi. Hapo itajulikana nafasi ni ngapi. Zikipungua kwa idadi ya watu, na mara nyingi zitapungua, gawanyeni zamu za asubuhi na jioni kabla ya kufikiria kumhamisha mtu. Watakaobaki bila nafasi wapatikane kwa kura ya bahati nasibu mbele ya viongozi wao wa machinga, orodha ibandikwe ofisi ya mtaa. Orodha ikifichwa, nafasi zitauzwa. Hilo halina haja ya utafiti.

Malipo yasifutwe yote. Ushuru mdogo unaolipwa kwa simu kwa namba ya udhibiti (control number), kwa mwezi au kwa robo mwaka, unamwondoa mkusanyaji mezani na unaiacha halmashauri na fedha za taka. Risiti yake ikitaja namba ya meza, inakuwa ushahidi wa ukaazi. Kwa maoni yetu risiti hiyo ina thamani kuliko kadi yoyote ya kuning'inizwa shingoni.

Kadi ya sasa

Januari 2022 machinga waliwekwa chini ya wizara mpya ya maendeleo ya jamii na makundi maalum, na baadaye ukaja usajili wa kidijitali unaomtambua mtu kwa namba ya NIDA na simu. Bei imebaki Sh 20,000, safari hii kwa miaka mitatu, sawa na kama Sh 6,700 kwa mwaka. Kasoro ya kadi isiyo na jina imeondoka. Serikali pia ilitenga Sh bilioni 18.5 za mikopo kwa waliosajiliwa kupitia benki ya NMB, kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka.

Riba hiyo ikilinganishwa na ya mitaani inaeleza yenyewe. Mkopo wa Sh 500,000 kwa asilimia 7 una riba isiyozidi Sh 35,000 kwa mwaka mzima. Mkopeshaji wa kausha damu anayedai asilimia 20 kwa mwezi anachukua Sh 100,000 ndani ya mwezi mmoja. Na tofauti na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyositishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa, kisha ikaanza tena Julai 2024, hapa mtu hukopa peke yake. Hahitaji kuunda kikundi chenye katiba na watu ambao kesho wanaweza kuhamia mkoa mwingine.

Anayejisajili aende na namba ya NIDA, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na ajue jina kamili la mtaa anaofanyia biashara, kwa kuwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata ndiyo itakayoulizwa kama anafahamika. Laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu ni kikwazo cha kawaida. Ibadilishwe kabla ya kwenda. Ahifadhi pia risiti za malipo yoyote ya eneo, hata ya usafi. Afisa mikopo ataomba kuonyeshwa meza, na atataka kujua kama miezi sita ijayo ataikuta pale pale. Kwa hilo kadi bado haina jibu.